Flashi Nzito ya Mwalimu Perpetua

Mtu akikuletea kitu kilichokwisha kufa, naye anaamini kuwa ki hai, umwambie lini? Siulizi kama umwambie. Hilo nililijibu zamani. Naulizia wakati. Umwambie pale pale kaunta, mbele ya wateja wengine, au umpe kiti kwanza? Kabla hujajaribu kila njia ya kukifufua, au baada ya kujaribu na kushindwa? Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeuza flashi, nimejaza nyimbo kwenye flashi na kutafuta vilivyopotelea ndani ya flashi, kwanza mjini Migori, kisha Homa Bay, na swali hilo bado linanikalia kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaofungua vibanda vya kompyuta na simu. Nimeacha kazi hiyo nywele zangu zikiwa bado nyeusi kwa sehemu kubwa, na wengine wenu mmeniuliza kwa nini naiita kustaafu. Naiita hivyo kwa sababu niliifanya hadi nikaimaliza. Wengine mmesema flashi zimekwisha, kwamba siku hizi kila kitu hutumwa kwa simu. Nendeni visiwani, Takawiri au Mfangano, mkasikilize redio za sola zinavyoimba ndani ya nyumba. Simameni kwenye stendi ya bodaboda Kehancha mtazame kile kidude kilichochomekwa chini ya usukani. Ingieni kanisani mwone fundi wa vipaza sauti anachotoa mfukoni. Flashi hazijakwisha. Kilichokwisha ni subira ya kuzichagua.

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, nikazunguka na bahasha yangu hadi pembe zake zikachakaa, kisha nikaajiriwa na Mama Boke. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Kehancha aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme Migori, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyovuka barabara bila kusubiri magari. Hakuwa mtu wa kujishusha. Alikuwa akiwaambia wateja, nami nikisikia, "Huyu anajua milima yote ya dunia, lakini nikimtuma stoo anapotea."

Somo la kwanza nililipata katika duka lake, nalo lilihusu uzito.

Watu wa kando ya ziwa hupima kwa kiganja. Mama wa hapa hanunui samaki kwa macho peke yake. Humwinua, humpandisha na kumshusha, kisha hutaja bei yake. Mazoea hayo huingia naye katika kila duka. Nakumbuka mteja mmoja aliyepanga flashi zetu zote juu ya kaunta, akaziinua moja baada ya nyingine.

"Madam, hii ni nyepesi. Hata upepo itabeba."

"Flashi si samaki, mama. Uzito hauna maana."

"Haina maana kwako wewe. Kitu mzuri iko na uzito. Nipatie ile ya chuma."

Nilimpa ile ya chuma. Ilikuwa mpya sokoni, imeandikwa ukubwa ambao hata kompyuta yetu ya dukani haikuwa nao, na bei yake ilikuwa ya kushangaza kwa upole. Baada ya wiki chache zilirudi nyingi za aina hiyo, na wenyewe wakirudi nazo kwa hasira. Mama Boke alichukua moja, akaibandua kwa kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na kipande cha saketi kisichozidi ukucha wa mtoto, na kando yake bamba la chuma lililogandishwa kwa gundi. Bamba hilo halikuwa na kazi yoyote ila kuwa zito.

"Sasa hii ni flashi ama ni jembe?" akauliza. Kisha akacheka, ingawa katoni nzima ilikuwa yake. "Hawa watu walituona. Walituona tukipima samaki."

Ndugu zangu, hilo lilinifikirisha kuliko nilivyofikiri darasani. Mdanganyifu hodari hachunguzi udhaifu wako. Huchunguza busara yako. Kiganja kilichokwisha kumtambua samaki aliyejazwa barafu tumboni ndicho alichokijia. Kwa hiyo mnapochagua flashi, jiulizeni kwanza ni kwa kipimo gani mlichozoea kujiamini, na kipimo hicho mkiweke kando.

Uwongo wenyewe ulikuwa namna hii. Flashi ya aina ile ina nafasi ndogo sana, ila imefundishwa kuiambia kompyuta kwamba ina nafasi kubwa. Ukiingiza wimbo inapokea. Nafasi ya kweli ikijaa, haikatai. Inaendelea kupokea, lakini kinachobaki ni jina la wimbo tu. Ni kama mwenyeji mwenye viti vitatu anayeitikia "karibu, karibu" kwa kila anayebisha hodi. Ukisimama nje unasikia majina mengi yakikaribishwa. Ukiingia sebuleni, hakuna watu.

Hapo ndipo mjue kwa nini jaribio la redio halitoshi. Kila duka la Migori lilikuwa na redio ndogo kaunteni. Mteja anachagua flashi, inachomekwa, wimbo unalia, mabega yanatikisika, analipa. Nyimbo za mwanzo hulia hata kwenye flashi ya uwongo, maana wageni wa kwanza hupata viti. Kulia kwa wimbo mmoja kunathibitisha kwamba redio ni nzima.

Mama Boke ndiye aliyesema flashi ijazwe yote kabla ya kuuzwa. "Mtungi unaujua kwa maji," alisema. Mimi nikaongeza lililokuwa langu: ikishajaa itolewe, ichomekwe kwenye kompyuta nyingine isiyoijua, kisha tufungue faili za mwanzo, za katikati na za mwisho, tukizicheza hadi ukingoni. Kompyuta iliyoandika inaweza kukuonyesha kumbukumbu yake yenyewe ikakudanganya bila nia mbaya. Alikataa kwanza. Tukabishana kutwa nzima, akaniita jina la mlima mmoja ambao sidhani upo, kisha siku moja flashi iliyofaulu jaribio lake ikaanguka kwenye langu. Alininunulia soda.

Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na mteja hawezi kusimama kaunteni hadi flashi ijae. Kwa hiyo tukawa tunazijaza tunapofunga duka, zinalala kwenye kompyuta, na asubuhi tunazichunguza na kuzifuta. Wateja wakazipa jina wao wenyewe. Mtu alikuwa akiingia na kuuliza, "Kuna zenye zimelala?" Mgeni akisikia hivyo alidhani tunauza kuku.

Yapo mambo mengine madogo, nami nitayataja yanavyonijia. Msinunue ukubwa usiohitajika. Dereva mmoja wa bodaboda kutoka Kehancha alinunua flashi kubwa kuliko zote, akarudi kabla ya adhuhuri.

"Madam, flashi yako imekufa."

Nikaichomeka kwenye kompyuta. Ikaimba vizuri.

"Hapa inaimba, ndugu yangu."

"Hapo ni kwa kivuli. Kwa pikipiki imenyamaza. Ama inaogopa mbio?"

Redio yake ilikuwa ya zamani, na redio za namna hiyo hazisomi flashi kubwa wala mpangilio mpya wa kuhifadhi. Nilimpa ndogo, nikaipanga kwa mpangilio wa zamani, akaondoka akiimba. Kwa mtu wa pikipiki chagueni pia fupi, maana ndefu hugongwa na goti na kuvunja tundu la redio, na kutengeneza tundu ni ghali kuliko flashi. Kwa mtu wa kisiwani chagueni yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu unyevu wa ziwa hula chuma cha mdomo polepole, kikawa na kutu ya kijani. Kwa mwanafunzi chagueni yenye tundu la kamba. Mwanafunzi hapotezi flashi kwa ubovu wake. Huisahau kwenye kompyuta ya watu.

Na kwa kila mtu: flashi ni ya kubebea. Si ya kuhifadhia. Hata ile nzuri, iliyolala na kuamka salama, si ghala. Mkinielewa hapo tu, mengine yote mnaweza kuyasahau.

Nililijua hilo vizuri nilipohamia Homa Bay na kufungua duka langu mwenyewe. Wateja walikuwa wamekwisha kunipa jina, Min Flashi, yaani mama wa flashi, kama vile mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Hapo ndipo Mwalimu Perpetua aliponijia.

Alikuwa mwalimu wa kwaya wa kanisa katoliki huko Mfangano, mtunzi pia, na hakuwahi kuandika noti hata moja. Walichokuwa nacho huko ni ngoma na kayamba. Kinanda hawakuwa nacho. Njia yake ya kufundisha iliwashangaza wageni. Alikuwa akijirekodi kwa simu akiimba sauti ya kwanza peke yake, kisha ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Hata besi aliiimba mwenyewe, kwa sauti yake ya juu, na mwishoni alisema, "Wanaume, mshuke hapa." Alinipa rekodi hizo nizigawe kwenye flashi ndogondogo, zikaenda kwa kwaya za kisiwani kwake na za Takawiri. Jioni kila kundi liliketi kuzunguka redio yake likajifunza. Alipofika kuwatembelea, wimbo ulikuwa umeiva tayari. Kazi yake ilikuwa kuondoa kasoro.

Siku ninayoisimulia alikuja akizungumza kwa sauti ya chini, shingo amezungushia leso. Alikuwa na kivimbe kwenye nyuzi za sauti. Angefanyiwa upasuaji wiki ile ile, na daktari alikuwa amemwonya kwamba sauti ingeweza kurudi ikiwa nyingine, au isirudi kwa kuimba kabisa. Hadi siku hiyo asiimbe, asipaze sauti, asinong'one; azungumze kidogo tu, kwa upole. Alikuwa amefikia kwa dada yake Consolata, anayekausha omena, dagaa wa ziwani, karibu na ufuo wa Homa Bay.

"Min Flashi," alisema, "nimemaliza Misa yangu. Yote. Bwana Utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu, Mwanakondoo. Kabla wanikate, nataka uzigawe kwa kwaya."

Akaweka flashi juu ya kaunta. Iligonga mbao kama kokoto.

"Umeona hiyo? Mkwe wangu aliniletea kutoka Nairobi. Shika. Shika uone uzito."

Niliishika, na moyo wangu ukaenda Migori.

"Kwenye simu bado zipo?" niliuliza.

"Simu ya nini? Ilijaa. Kila kitu nimeweka hapa, zile za zamani na Misa. Simu nimempa mkwe akaifuta, akanipa hii mpya." Akatabasamu. "Hiyo flashi inaweza kubeba mpaka mimi mwenyewe."

Aliacha flashi akaenda kupumzika. Ninyi mtakaofanya kazi hii mtaijua nusu dakika ile ya kungoja orodha ifunguke. Ilifunguka vizuri sana. Majina yote yalikuwepo, na ukubwa wa kila faili uliandikwa sawasawa. Nyimbo za zamani zilizoingizwa kwanza zililia, na sauti yake ikajaa duka, changa na safi. Kisha nikafika Misa. Bwana Utuhurumie: kimya. Utukufu: kimya. Nikatumia kila programu niliyokuwa nayo ya kufukua vilivyofutwa. Lakini hapakuwa na kilichofutwa. Kitu hakiwezi kufukuliwa mahali ambapo hakikuzikwa.

Misa ile hakuna aliyekuwa ameisikia. Ilikuwa ndani yake peke yake, nyuma ya koo lililokatazwa kuimba.

Niliketi nikapiga hesabu. Nikimwambia, ataimba, mtunzi hawezi kuacha. Akiimba atajiumiza siku chache kabla ya kisu. Nisipomwambia, ataingia hospitali na amani isiyo yake, na pengine akitoka hataweza tena kuimba alichotunga. Nilifikiria hata kumpigia daktari kwanza, kisha nikajiuliza ni kwa haki gani ningemweleza mtu mwingine msiba wa Mwalimu kabla yeye mwenyewe hajaujua. Nikampigia simu Mama Boke, maana kuna maswali yanayohitaji sauti kubwa.

"Migori hamjambo?"

"Migori iko. Sema shida, wewe msomi hunipigii kwa salamu."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi.

"Kwa hiyo unataka kumchagulia," akasema.

"Sitaki kumchagulia. Naogopa atachagua vibaya."

"Hiyo ndiyo kuchagulia." Nikasikia akimfokea mtu kuhusu waya, kisha akarudi. "Sikia. Maiti hailali kwa jirani. Mpelekee mwenyewe, alie kwake. Wewe ukikaa na msiba wa mtu ndani ya duka lako, utanuka."

"Na akiimba?"

"Utakuwa umeketi hapo. Ama ulidhani unapeleka na kukimbia?"

Jua lilikuwa limeanza kulegea nilipofunga duka na kwenda kwa Consolata. Alikuwa akikunja vyandarua alivyokaushia omena, na Mwalimu ameketi kwenye kiti cha plastiki akichambua dagaa wadogo kutoka kwa vijiti na mchanga.

"Umemaliza haraka hivi?" Mwalimu aliuliza. "Ama umeme imepotea?"

"Mwalimu, keti."

"Si nimeketi?"

"Basi mimi ndiye nitakayeketi."

Consolata aliacha kukunja. Nikawaeleza yote, polepole, bila maneno ya kompyuta: kwamba flashi ilikuwa ndogo iliyovalishwa ukubwa, kwamba nyimbo za zamani zipo na kwaya zinazijua, kwamba Misa haimo wala haikuwahi kuwamo. Mwalimu hakulia. Alinyoosha mkono nikampa ile flashi. Akaipandisha na kuishusha kiganjani.

"Na vile ilikuwa nzito," akasema.

Baada ya muda akaiweka chini, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi kwa namna ninayoijua. Nikainua mkono. Consolata alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Nyaminwa, thubutu!" Hivyo ndivyo dada humwita dada. "Thubutu ufungue hiyo mdomo!"

"Naimba chini chini tu. Mara moja."

"Daktari alisema hata kunong'ona hapana."

"Daktari hakutunga Misa."

"Na wewe hukusomea koo!"

Walitazamana kama watu wanaofanana sana. Nilikuwa nimeketi hapo, kama Mama Boke alivyosema, nikagundua kwamba kuketi hapo ndiyo kazi ngumu. Kama Mwalimu angeimba jioni ile nisingemziba mdomo, na kama angenyamaza nisingemsihi. Yote mawili yalikuwa hasara, naye ndiye mwenye hasara.

"Maneno ya Misa kila mtu anajua," Mwalimu alisema, sauti imeanza kukwaruza. "Ni yale yale kila kanisa. Yangu ni njia tu. Ni hiyo njia tu nataka watu wapate. Nikienda nayo huko ndani na nisirudi nayo, nilitunga ya nini?"

"Basi piga mluzi!" Consolata alifoka. Alisema kwa hasira, kama mtu anavyomwambia mwenzake mbishi akapande juu ya paa akitaka.

Mwalimu akageuka polepole. "Mimi? Mluzi?"

Lazima niwaeleze wasiotoka kwetu. Mwanamke wa hapa hapigi mluzi. Wapo wanaosema unaita nyoka, wapo wanaosema ni tabia ya wachunga ng'ombe na ya mabinti waliokosa kufunzwa. Mwalimu Perpetua mwenyewe aliwahi kumtoa msichana kwenye mazoezi ya kwaya kwa kosa hilo.

"Utukufu kwa Mungu juu mbinguni, kwa mluzi," alisema. "Kama mtu anaita mbwa."

"Kwani Mungu atadhani ni mbwa anaitwa? Anajua ni wewe," Consolata alijibu, hasira ikianza kumtoka. "Mimi njia ya sauti ya kwanza nikiipata, sauti ya pili nitaitafuta. Najua vile unafikiria. Nimeimba kando yako tangu tukiwa watoto."

Kisha Mwalimu, akitazama pembeni kana kwamba mdomo si wake, akakunja midomo akapuliza. Ikatoka hewa tupu. Consolata alicheka hadi akashika mti wa uzio. Mwalimu akajaribu tena. Ikatoka sauti ndogo, nyembamba, iliyoshtuka na kujificha.

"Huyo daktari," akasema, "mpigie. Uliza mluzi ni nini."

Consolata akapiga, akaweka kipaza sauti. "Daktari, samahani kwa usumbufu. Hivi mluzi ni kuimba?"

"Mluzi ni pumzi na midomo," daktari alijibu. "Nyuzi za sauti hazitetemi. Alegeze koo, asilazimishe, apumzike katikati. Akihisi maumivu aache. Kwani nani anapiga mluzi?"

"Hakuna mtu bado," Consolata akajibu.

Mwalimu alichukua ungo wake wa omena, akachambua kwa kitambo. Nilielewa kwamba hakuwa akipima koo lake tena. Alikuwa akipima heshima yake, iliyojengwa na kwaya nzima za visiwa viwili, dhidi ya nyimbo nne ambazo hakuna mwingine aliyezijua. Hiyo nayo ilikuwa hasara, ila ya aina ambayo mtu anaweza kuishi nayo.

"Njoo asubuhi," akaniambia. "Na simu yako ya kurekodi. Usilete mtu."

Njiani kurudi nilijiuliza kama nilifika kwa wakati. Ningefika mapema zaidi, pengine angekuwa bado na nguvu za kuvumilia habari. Ningechelewa, nikampigia daktari kwanza, pengine angenipa wazo la mluzi nikalibeba kama dawa, naye asingelazimika kuvuta ile pumzi mbele yetu. Sijui. Lakini tangu jioni ile hakuna mteja aliyetoka dukani mwangu na nakala moja ya kitu asichoweza kukifanya tena. Nilimwuliza kila mmoja, "Hiki ukikipoteza, unaweza kukirudia?" Aliyesema ndiyo nilimwuzia flashi. Aliyesema hapana nilimwuzia flashi, nikaweka nakala kwenye kompyuta yangu, na nyingine nikamwambia ampelekee mtu anayeishi nyumba nyingine. Wateja walilalamika kwamba nawachelewesha. Waacheni walalamike. Kuchagua flashi nzuri huanza kwa swali hilo, kabla hujagusa kaunta, kabla hujasoma ukubwa wala rangi wala bei. Mkishalijibu, hata flashi ya bei ya chini iliyojazwa na kuchunguzwa itawafaa. Msipolijibu, hata ile bora duniani itawasaliti siku moja bila kosa lake.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba, amevaa sare yake ya kwaya, bluu yenye kola nyeupe, kana kwamba anakwenda kanisani. Kando yake palikuwa na kikombe cha maji. Upande wa pili wa uzio kina mama walikuwa wakitandaza omena waliovuliwa usiku, wakizungumza kwa sauti.

"Geukeni," Mwalimu alituamuru mimi na Consolata. "Wote wawili. Hakuna mtu kuniangalia mdomo."

Tukageuka tukautazama ukuta, mimi nikinyoosha simu nyuma ya mgongo kuelekea kwake. Nikabonyeza kurekodi. Bwana Utuhurumie ilianza ikiwa imekwaruza, ikakatika, ikaanza upya. Mara ya tatu ilipanda bila kutetereka, ikageuka mahali ambapo sikutarajia, ikashuka taratibu, na begani kwangu nikamsikia Consolata akianza kutafuta sauti ya pili kwa kunguruma puani.

Upande wa pili wa uzio mazungumzo yakakoma.

"Nani huyo anapiga mluzi asubuhi hii?" mama mmoja akauliza.

"Ni Mwalimu," Consolata akajibu bila kugeuka. "Nyamazeni. Ni Misa."

Wakanyamaza. Nyuma yetu nikasikia Mwalimu akinywa maji, akikiweka kikombe chini, akivuta pumzi. Kisha akaanza Utukufu.